Ukemi ni nini? Neno la kulijua kabla hujachagua judo, karate au ngumi

Ukemi ni neno la Kijapani lenye vipande viwili: uke, yaani kupokea, na mi, yaani mwili. Kwenye judo na aikido ndilo jina la ufundi wa kuanguka bila kuumia. Sisi tuna neno linalokaa jirani nalo, mwereka, lililotupa mieleka. Kumpiga mtu mwereka ni kumbwaga chini. Ila mwereka ni kazi ya anayebwaga. Anayebwagwa lugha imemwachia kuanguka tu, kana kwamba hana la kufanya mpaka ardhi imfikie. Ukemi ni jina la hilo analoweza kufanya.

Namwandikia mtu wa aina moja. Ana miaka thelathini na tano, arobaini, labda hamsini. Mara ya mwisho kukunjana na mtu alikuwa darasa la sita. Anatamani kuanza mchezo wa kujihami, na kila Jumamosi hupata sababu ya kutokwenda. Ukikutana naye atakuuliza mchezo upi ni mkali kuliko yote, karate au judo, ngumi au taekwondo, na watu watamjibu kwa ule ubishi wa kijiweni usio na mwisho. Nadhani linalomsumbua ni jingine, ila anaona haya kulitamka: nikifika pale nitaumia? Nitachekwa? Kwa hofu hizo mbili, namna mahali panavyofundisha kupokea, iwe kuanguka au pigo, hukueleza mengi kuliko jina la mchezo lililoandikwa kwenye bango.

Nayajua haya kwa sababu nilikaa Jumamosi mbili nzima kwenye benchi nje ya ukumbi, nikijifanya mzazi aliyemleta mtoto. Jumamosi ya tatu mwalimu, kijana ambaye ningeweza kuwa mjomba wake, akanijia: "Shikamoo mzee. Wako ni yupi?" Nikaitikia marahaba, nikameza mate, nikamwambia hakuna wangu, ni mimi mwenyewe. Hakucheka. Aliniambia nivue viatu na soksi. Dakika mbili baadaye mimi niliyeamkiwa nilikuwa nimesimama ukingoni mwa tatami, ile mikeka minene ya sponji, namwinamia yeye. Ni jambo dogo, lakini kwa mtu mzima wa kwetu ugumu wa kwanza uko hapo: heshima ya umri unaiacha mlangoni pamoja na kandambili. Kisha akanikabidhi kwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, mkanda wa rangi ya chungwa, anifundishe kuanguka.

Kuanguka kuna aina zake, na Kiswahili kinazijua vizuri: chali, ubavu, kifudifudi. Kijapani cha judo kinaziita ushiro, yoko na mae, na ya nne ni ya kubingirika mbele. Tulianza na chali, tena tukiwa tumeshalala, kwa hiyo hapakuwa na pa kuangukia. Mikono imekunjwa kifuani. Kichwa kimeinuliwa kidogo, kidevu kimebana kifua, macho yanatazama fundo la mkanda. Halafu mikono yote miwili inashuka kwa pamoja na kupiga tatami kofi, viganja chini, kigasha chote kikigusa chini, mikono ikiwa imeachana na mwili kiasi cha nyuzi 30 hadi 45. Pumzi inatoka wakati uleule. Pa! Mara ishirini. Baadaye tukarudia kutoka kukaa, kisha kutoka kuchuchumaa. Kusimama kulikuja wiki ya tatu. "Kidevu, mzee," yule binti alikuwa akiniambia kila mara, kwa upole wa mtu anayekujulisha kwamba chai imekumwagikia shati. "Kidevu."

Kila kipande kina sababu yake. Ukianguka chali huku shingo imelegea, mgongo ukishafika chini kichwa huendelea na safari, na kisogo ndicho kinachotua mwisho, kwa kishindo. Japani, ambako judo hufundishwa mashuleni, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika judo ya shule kwa muda wa takriban miaka thelathini kuanzia 1983, wengi wao kwa majeraha ya kichwa. Mtupo unaotajwa sana ni osoto-gari, ule wa kumfyeka mwenzako mguu kutoka nje na kumbwaga chali, na walioumia mara nyingi walikuwa wageni wa mchezo. Silifichi hili kwa msomaji mwenye woga, maana hapo woga wake una hoja. Mwalimu anayemtupa mgeni kwa osoto-gari siku ya kwanza "ili aonje", huyo mkimbie, hata kama ukuta wake umejaa vyeti.

Mkono nao una mambo yake. Binadamu akianguka hutanguliza kiganja kujishikiza kabla akili haijaamua lolote. Mzigo wote wa mwili unapita kwenye kifundo cha mkono, unapanda kwenye kiwiko, unafika kwenye mtulinga, na wodini watu hufungwa plasta ngumu (POP) kwa sababu hiyo kila siku. Kofi la tatami linaupa mkono kazi nyingine ya kufanya muda uleule. Mwanzoni nilidhani kofi ndilo linalomeza kishindo chote, na kwa sehemu ni kweli: kishindo kikitawanywa kwenye eneo kubwa zaidi la mwili na kwa muda mrefu kidogo, hakuna kiungo kimoja kinachokibeba peke yake. Lakini jaribu kofi hilo kwenye saruji uone mkono utakavyowaka. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuuzoesha mkono usikimbilie nyuma. Barabarani kunafaa zaidi kubingirika, na huko si kichwangomba cha watoto ufukweni. Kichwa hakigusi chini kabisa. Unapita kwa mkono, bega, kisha mshazari wa mgongo hadi nyonga ya upande wa pili, na mara unajikuta umesimama.

Ufundi huu haubaki ukumbini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaoongoza ni waliopita miaka 60. Uholanzi kuna mafunzo ya wazee yaliyochukua mbinu za kuanguka kutoka kwenye michezo hii na kuzichanganya na mazoezi ya kutembea bila kujikwaa. Ukiwa na miaka arobaini na tano, bafu lenye marumaru na sabuni ni adui wa karibu zaidi kuliko kibaka wa kichochoroni, ingawa hakuna anayejisajili judo kwa ajili ya bafu.

Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alikuwa mwenyewe kijana mdogo wa mwili aliyeonewa na wenzake shuleni. Mwaka 1877 alimpata mwalimu wa jujutsu, mieleka ya kale ya Kijapani, aitwaye Fukuda Hachinosuke. Husimuliwa kwamba siku moja baada ya kutupwa aliuliza mtupo ule unafanywaje. Fukuda akamwambia njoo, akamtupa tena. Akauliza tena, akatupwa tena. Ualimu wa namna hiyo ungalipo na una wapenzi wake. Mimi si mmoja wao. Kano alipofungua Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, katika chumba cha mikeka 12 kwenye hekalu la Eishoji jijini Tokyo, alitaka mchezo unaoweza kufundishwa kwa maelezo. Mbinu za hatari zaidi akaziondoa kwenye randori, yaani mazoezi huru ya watu wawili wanaopingana kweli, na kuanguka kukawa somo linalotangulia. Mwenye kutupa anaitwa tori, mwenye kutupwa anaitwa uke, na wanabadilishana zamu. Leo umembwaga, kesho anakubwaga, na mtupo mzuri unahitaji uke anayejua kupokea, la sivyo mazoezi yanaishia siku ileile.

Sasa nenda kwenye karate, utalikuta neno lilelile. Age-uke ni mkono unaopanda juu kuokoa uso, soto-uke ni ule unaotoka nje kuja ndani. Sisi tunaita kinga, na wengi huifanya kama wanavunja kuni. Kijapani kinasema kupokea: ngumi ya mwenzio unaipokea na kuipitisha pembeni. (Karate yenyewe ni "mkono mtupu". Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Okinawa, visiwa vya Japani ilikozaliwa karate, walionelea unaweza kupiga.) Kwa mwenye woga, karate ina wema mmoja: miezi ya mwanzo unapiga hewa, kwa kuhesabiwa ichi, ni, san, huku hakuna anayekugusa. Kasoro yake ni upande wa pili wa wema huohuo. Unaweza kumaliza mwaka ukiwa na kata safi, yaani mfululizo wa mapigo na kinga unaofanywa peke yako, na bado ngumi ya kweli ikikujia unafumba macho. Tena karate si moja. Shotokan nyingi hufundisha kulisimamisha pigo lako kabla halijatua kwa mwenzako. Kyokushin hupigana kwa kugusana kweli, ila ngumi za uso hairuhusu. Uliza kabla hujalipa.

Ngumi hawana neno la Kijapani, lakini kupokea wanako: mabega juu, kidevu chini (yule binti angefurahi), kichwa kinachoteleza nje ya njia. Ninachowaambia rafiki zangu wa ofisini ni kwamba ngumi ya kichwa haina ukemi kamili. Helmeti hupunguza michubuko, ubongo bado unatikisika, na madhara hujikusanya. Ukipenda ngumi, piga begi, piga padi, ruka kamba, utapata pumzi na jasho la kukutosha, na sparing, yaani mazoezi ya kupigana na mtu, uikatae bila aibu. Ukumbi unaomlazimisha mgeni wa wiki ya pili kupanda ulingoni na kijana anayejiandaa na pambano haukufai.

Jiu-jitsu ya Brazili, ambayo mzizi wake ni Mitsuyo Maeda, mtu wa Kodokan aliyehamia Brazili, huanzia chini. Umeshakaa, umeshalala, kwa hiyo hofu ya kuanguka inapungua. Badala yake kuna hofu ya kubanwa. Mtu wa kilo tisini amekulalia kifuani, jasho lake linakudondokea usoni, na nafasi ya kupumua unaitafuta. Dawa yake ni kupiga kofi mara mbili, mwilini mwake au kwenye mkeka, na mwenzako anaachia papo hapo. Kusalimu amri kumewekwa ndani ya mchezo, hakuna kesi wala lawama. Kwa mtu mwenye woga sijui kama kuna kanuni yenye huruma kuliko hiyo, mradi ajifunze kuitumia mapema badala ya kungoja kiwiko kilie. Aikido ina ukemi mwingi na mzuri na haina mashindano. Mwenye kutaka kupingana kweli ataiona pole. Taekwondo ni mateke, na kwa nyonga ya mtu aliyekaa kwenye kiti miaka ishirini inahitaji subira.

Ukinilazimisha nichague, nasema judo, kwa sharti la mikeka mizuri na mwalimu anayeanza na ukemi. Kwetu haina umaarufu wa ngumi, ingawa Tanzania ilimpeleka mcheza judo, Andrew Thomas Mlugu, kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Kama mjini kwako judo inachezewa juu ya saruji iliyotandikwa turubai, basi karate ya mwalimu mtulivu ni bora mara kumi. Na ukumbi wa kutembea kwa miguu dakika kumi utakusaidia kuushinda uvivu kuliko ule wa daladala mbili.

Nenda kwanza kutazama bila kulipa. Waache wakali wa katikati, tafuta kona ya wageni. Je, kuna anayewaangalia, au wameachwa wajifunze kwa kuiga? Mtu akianguka vibaya mazoezi yanasimama? Mwanamke aliyekuja peke yake anapangwa na nani? Mwenye nguvu anapopewa mnyonge, anapunguza? Muulize mwalimu swali moja: mgeni hutupwa, au hupigwa, kwa mara ya kwanza wiki ya ngapi? Akikujibu kwa wiki au miezi, kaa. Akikujibu "inategemea moyo wako", kunja mkeka wako.

Mimi nilitupwa wiki ya sita. Kofi nililisikia kabla sijaelewa kwamba niko chini. Mkono ulikuwa umeenda wenyewe. Nikatazama taa za darini, nikapumua, nikageuza macho. Yule binti alikuwa pembeni, amejigusa kidevu kwa kidole, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeridhika.

Kuhusu maandalizi, gi, yaani vazi la mazoezi, usinunue mwezi wa kwanza. Tisheti nene na suruali ya mazoezi isiyo na zipu zinatosha. Kata kucha za mikono na za miguu. Pete, cheni na saa viache nyumbani. Kama una presha, goti bovu au mgongo uliowahi kukulaza, mwone daktari kwanza, kisha umwambie mwalimu kabla ya salamu ya kuinama, wakati bado anakuita mzee.