Rafiki akianguka tunacheka, mtu baki akianguka tunasema pole

Masika ya mwaka juzi mimi na jamaa yangu tulikuwa tunavuka mtaro wa mtaani kwetu, ubao umeloa, yeye kavaa raba mpya nyeupe anatembea kwa maringo, mara mguu ukateleza, huyo chini, tope mpaka masikioni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mbavu zinauma, machozi yananitoka, hata mkono sikumpa. Dakika mbili hazijaisha anakuja mzee mmoja hatumjui, ubao uleule, anateleza vilevile, na mimi huyohuyo nikaruka, "pole mzee wangu, pole sana, hujaumia?", nikamnyanyua, nikamwokotea na kandambili. Jamaa yangu kasimama pembeni anachuruzika tope ananiangalia tu, akasema "we mtu ni mnafiki sana".

Sio unafiki bwana. Nimeshafikiria sana hili jambo tangu siku ile na naona lina mantiki yake.

Kwanza tutoe kitu kimoja njiani. Wajerumani wana neno Schadenfreude, yaani ile raha mtu anayoisikia mwenzake akipatwa na baya, na watu wengi wakiona unamcheka rafiki wanadhani ndo hiyo. Hapana. Mwenye Schadenfreude anafurahia hasara yenyewe, sasa mimi jamaa yangu angenyanyuka pale mkono umevunjika kicheko kingekata kama umeme. Kiswahili kwenye hili kimejipanga vizuri tu: kuna kumcheka mtu, kuna kucheka na mtu, halafu kuna kumzomea, na kila mmoja wetu anajua tofauti yake bila kufundishwa. Cha mtaroni kilianza kama cha kwanza kikaishia cha pili, maana baada ya muda yeye mwenyewe alikuwa anacheka kuliko mimi.

Wazee wa falsafa walilikuta hili zamani. Plato, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliona kwamba tukicheka ujinga wa marafiki ndani yake kuna husuda kidogo, raha imechanganyika na maumivu. Hobbes wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha 1651, akasema kicheko ni kule kujiona bora ghafla ukijilinganisha na mwenzako. Sawa, kuna ukweli humo, ile raba nyeupe ilikuwa inanikera kidogo nikiri. Ila kama shida ingekuwa ni kujiona bora tu basi tungewacheka zaidi watu baki, si hatuwadai hawatudai? Mbona inakuwa kinyume?

Maelezo yanayonikaa mimi ni ya watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren. Mwaka 2010 walieleza kwamba jambo linachekesha pale linapokuwa limeenda kombo na wakati huohuo halina madhara, vyote viwili kwa pamoja. Likiwa sawasawa tu halichekeshi, mtu kuvuka mtaro salama nani acheke. Likiwa na madhara makubwa pia halichekeshi. Linatakiwa likae katikati pale. Halafu mwaka 2012 wao na wenzao wakaleta utafiti mwingine, na huu ndo mtamu. Waliwasomesha watu kisa cha mwanamke aliyechangia msaada wa Haiti kwa meseji za simu bila kujua pesa inakatwa kiasi gani, wengine wakaambiwa kakatwa dola 50, wengine zaidi ya dola 1,800, na wengine wakaambiwa huyo ni rafiki yako wengine humjui. Hasara ndogo ilichekesha zaidi akiwa rafiki. Hasara kubwa ikachekesha zaidi akiwa mtu usiyemjua!

Kwa hiyo sio kwamba marafiki wanachekesha kila wakati, inategemea ukubwa wa balaa. Kajambo kadogo ka mtu baki hakakugusi kabisa, katakuwaje na ladha, wakati kadogo ka rafiki kanakugusa kiasi cha kutosha kutekenya. Kakikua tu kanaanza kuuma. Ndo maana ajali ya rafiki leo ni kilio, ikipita miaka mitano amepona ndo inageuka hadithi ya kuvunja mbavu kwenye harusi yake.

Sasa mimi naongezea la kwangu. Rafiki unamsoma. Ile sekunde moja anavyoanguka macho yako yashafanya uchunguzi wote: kaangukia upande gani, katukana au kanyamaza, sura ikoje. Jamaa yangu akiumia kweli huwa anakaa kimya kabisa, siku ile alianza na tusi, nikajua mzima. Yule mzee sasa? Sijui ana presha, sijui ana sukari, sijui katoka msibani. Halafu sisi tumelelewa na "hujafa hujaumbika", kwamba usimcheke mtu kwa lililompata maana na lako lipo njiani, na bibi zetu walikuwa hawalitanii hilo, ukicheka mtu hovyo kibao kinakufikia kabla kicheko hakijaisha.

Ila kubwa kuliko yote naona ni ruhusa. Kucheka anguko la mtu ni kama kumgusa mwilini, lazima awe amekuruhusu, na huku kwetu hiyo ruhusa tuliifanyia mpaka utaratibu, tukaita utani. Tanzania makabila mazima yana watani wao. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya sana miaka ya 1878 hadi 1882, leo ni watani, wanasemana maneno ambayo akiyasema mwingine itakuwa kesi. Wasukuma na Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, wengi wanasema ulianzia kwenye safari za misafara kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa mpaka msibani, anazuia jeneza, anaingia kaburini analala mpaka apewe chochote, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Jaribu wewe mtu baki kuingia kaburini uone. Na mtani haruhusiwi kukasirika, maana kesho zamu yake. Marafiki ni hivyohivyo tu, sema hatujaandikishana popote: nakucheka kwa sababu nimekupa na wewe haki ya kunicheka.

Yule ambaye hamna ruhusa baina yenu ndo anapewa pole. Hii pole jamani wageni inawashangaza, mtu wa Ulaya akijikwaa barabarani watu watatu wanamwambia pole anaanza kujiuliza hawa wamenifanya nini mpaka waombe radhi. Hawaombi radhi, wanamwambia tumekuona na hatukucheki.

Na hapo utaona kwa nini mtu akianguka mbele ya watu asiowajua anainuka haraka anajifanya anaangalia simu, lakini akiwa na rafiki yake anabaki palepale chini anasubiri. Kicheko cha rafiki kinamtoa kwenye aibu. Robert Provine, huyu alikuwa anachunguza vicheko huko Marekani, alikuta watu wanacheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na sehemu kubwa ya vicheko hivyo hata hakukuwa na kichekesho chochote. Watu walikuwa wanaambiana tu tuko pamoja.

Mtu atauliza, mbona video za watu wanaoanguka tunacheka na hatuwajui? Kwa sababu yuko kwenye kioo, huwezi kumshika mkono, hasikii unavyomcheka, na aliyeikata ile video aliikata kabla hatujaona kapelekwa hospitali. Ukimkuta mtu huyohuyo live kituo cha daladala utampa pole kama kawaida.

Pale kazini alikuja dada mmoja mgeni, wiki ya kwanza akajimwagia chai kwenye blauzi, ofisi nzima ikawa "pole dada, pole sana", mmoja kakimbilia tishu, mwingine maji, yeye anasema asanteni huku kainamisha kichwa. Ikapita kama miezi minne akajimwagia tena, chai ileile, kiti kilekile. Zamu hii hakuna aliyenyanyuka, watu wamelala juu ya meza wanacheka, mtu wa uhasibu anauliza hiyo blauzi inakunywa na sukari au kavu. Dada akajiangalia, akatuangalia, akasema "basi angalau mmoja apige picha aweke kwenye grupu".