Kadi ya bima na mwanasaikolojia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Anayekwenda kwa mwanasaikolojia ni mwendawazimu." Ndiyo dhana kubwa hapa Zanzibar, na jina la hospitali ya Kidongo Chekundu limebebeshwa mzigo wote. Hospitali ile inatibu maradhi ya akili kama nyengine zinavyotibu figo na moyo. Na wengi wanaohitaji mwanasaikolojia hawajapotewa na akili hata siku moja: mama aliyejifungua na hapati raha na mwanawe, kijana anayeamka saa nane za usiku moyo ukimwenda mbio, mjane aliyemaliza eda lakini chakula bado hakipiti.

Wengine huomba "daktari wa akili", wakaandikiwa vidonge, wakarudi nyumbani wakiamini wameshamuona mwanasaikolojia. Hawa ni watu wawili. Bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari, ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia, na tiba yake ni vikao vya mazungumzo vyenye mpango. Mgonjwa huweza kuwahitaji wote wawili, kwa hiyo taja unayemtaka.

"Nitafutie mwanasaikolojia anayepokea kadi." Hapa ndipo watu wanapopotelea, na inaniuma kuona mtu aliyejikaza hadi akaomba msaada anakatishwa tamaa dirishani. Mfuko wa bima hufunga mkataba na kituo, si na mtu. Mtaalamu hodari mwenye ofisi yake binafsi, ikiwa ofisi hiyo haimo katika orodha ya mfuko, utamlipa taslimu. Pengine huyo huyo, siku nyengine, anafanya kazi katika hospitali iliyomo. Basi anza na orodha ya vituo, kisha uliza kituo gani kina mwanasaikolojia, na yupo siku zipi.

Tena kadi zenyewe si moja. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023 na ulianza na watumishi wa umma wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni mfuko mwengine, na walioajiriwa na taasisi za Muungano wanaweza kuwa humo. Nyumba moja ya Chake Chake inaweza kuwa na mke mwalimu wa skuli ya Serikali na mume wa taasisi ya Muungano, kila mmoja na kadi yake, kila kadi na orodha yake.

Kadi kupokelewa mapokezi hakuna maana kila kitu kimelipiwa. Piga simu kwa mfuko kabla hujatoka nyumbani: Natakiwa kuwa na rufaa? Kikao cha mazungumzo kimo katika kitita, yaani huduma zinazolipiwa na mfuko, au ni kumuona daktari na dawa tu? Ni vikao vingapi? Hili la mwisho watu hulisahau, na tiba hii haimalizwi kwa kikao kimoja. Andika majibu, na jina la aliyekujibu.

"Ofisini watajua." Fomu ya madai hutoka kituoni ikaenda kwa mfuko. Mfuko huona maradhi yaliyoandikwa. Mwajiri si sehemu ya safari hiyo.

"Pemba hakuna mtu, mpaka upande boti." Bingwa ni adimu, ni kweli, lakini tiba haimsubiri yeye peke yake. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani linahimiza wahudumu wa kawaida wafunzwe kutibu sonona na maradhi mengine ya akili, na mwaka 2016 lilitoa mwongozo wa vikao vitano unaoweza kuendeshwa na mtu asiye bingwa. Anza hospitali ya Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani, uulizie muuguzi wa afya ya akili.

Kusomewa Kurani hakuzuii vikao, wala vikao havizuii kusomewa. Kinachodhuru ni kuacha dawa ghafla bila kumwambia daktari.

Iko dhana moja inayoua: kwamba anayesema anataka kujiua anatafuta kusikilizwa tu, ataacha mwenyewe. Mchukulie kuwa anasema kweli. Muulize waziwazi, usimuache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, umpeleke usiku huo huo hospitali iliyo karibu, awe na kadi au hana. Mambo ya bima jamaa watayafuatilia asubuhi.