Personal Shopper: lawama za watazamaji na yaliyomo ndani ya filamu

Filamu chache za mizuka zimegawa watazamaji kama Personal Shopper ya Mfaransa Olivier Assayas. Mmoja anatoka akilalamika kwamba amepotezewa dakika 105, na aliyekaa kiti cha pili hataki kusemeshwa kwa sababu machozi yanamlengalenga. Wote wawili wamemtazama Maureen, msichana wa Kimarekani anayeishi Paris, ambaye ameigizwa na Kristen Stewart. Kazi yake ni kumchagulia na kumchukulia nguo na vito mwanamke maarufu aitwaye Kyra. Pacha wake, Lewis, amefariki kwa kasoro ya moyo ambayo na yeye anayo. Waliahidiana kwamba atakayetangulia atamletea mwenzake ishara, na Maureen anaingoja. Ugomvi mwingi kuhusu filamu hii unahusu mambo ambayo hayamo ndani yake. Siwezi kuyaeleza bila kugusa mwisho, kwa hiyo ambaye hajaiona ameshaonywa.

"Ilizomewa Cannes, basi ni mbovu"

Ilizomewa kweli, Mei 2016, katika tamasha la filamu la Cannes huko Ufaransa, na baadhi ya waliokuwa kwenye onyesho la waandishi wa habari. Siku iliyofuata, katika onyesho rasmi, ukumbi ulisimama kuipigia makofi. Tamasha lilipofungwa, jopo la majaji chini ya George Miller likampa Assayas tuzo ya mwongozaji bora, akigawana na Cristian Mungiu wa Romania. Anayetaka kuitumia Cannes kama hakimu asichague zomeo akaacha tuzo.

"Hakuna mzuka, yote ni mawazo ya Maureen"

Hoja hii hupendwa na wanaojiona wameielewa filamu kuliko wengine. Usiku Maureen anapolala peke yake katika nyumba aliyoishi Lewis, mzuka wa mwanamke unajitokeza mbele yake, unatapika kitu cheupe kama moshi mzito, kisha unatoweka. Utasema hapo tunaona kwa macho yake, na macho ya mfiwa si ushahidi. Haya, tuuache huo. Nenda karibu na mwisho, katika bustani ya Lara, aliyekuwa mpenzi wa Lewis. Maureen ameketi, ameipa nyumba mgongo. Nyuma yake, jikoni, umbo la mwanamume linaonekana likiwa na glasi mkononi. Umbo linatoweka, glasi inaanguka na kuvunjika. Maureen anasikia kishindo tu. Aliyeuona mzuka ni mtazamaji, au tuseme mtazamaji ambaye dakika hiyo hakuwa ameinamia simu yake.

Mwongozaji ambaye hataki mzuka uwepo hawezi kutupa sisi ushahidi huo. Ametupa, na amemnyima yule pekee anayeuhitaji. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapouma kuliko mahali pengine popote, na haina haja ya muziki wa kutisha kufanya hivyo.

"Anayemwandikia meseji ni Lewis"

Akiwa kwenye treni kwenda London, namba asiyoijua inaanza kumwandikia. Mwandishi wa meseji hizo anajua Maureen alipo na anachokifanya. Maureen mwenyewe anashuku kwamba ni marehemu, na watazamaji wengi wanafuata shaka hiyo bila kurudi nyuma. Baadaye anaiwasha simu aliyokuwa ameikatia mawasiliano, na meseji zinamiminika kwa mfululizo: mtu yule amefika jengoni, amepanda, yuko mlangoni. Sijui tukio jingine lililoifanya simu itishe kiasi hicho.

Lakini dalili karibu zote zinamwelekea Ingo, mpenzi wa Kyra. Kyra anauawa, Maureen anaitwa kwenye chumba cha hoteli, na Ingo ndiye anayekamatwa na polisi akitoka katika hoteli hiyo. Kinachovuruga hesabu ni kwamba kabla yake kamera inafuata kitu kisichoonekana. Lifti inafunguka bila mtu, na milango ya kuingilia inajifungua yenyewe mpaka nje. Hotelini kulikuwa na zaidi ya muuaji. Meseji ni jambo moja na Lewis ni jambo jingine, na wanaoyachanganya ndio wanaokasirika zaidi mwishoni.

"Ni ya polepole kwa sababu haina kisa"

Ina nyumba yenye mzuka, mtu asiyejulikana anayemfuatilia msichana, mauaji, vito vilivyopotea na polisi. Visa hivyo vingetosha filamu mbili. Kinachowachosha watu ni kilichowekwa katikati yake: Maureen akipanda pikipiki, akipima nguo ambazo amekatazwa kuzigusa, akitazama video kwenye simu.

Hata video hizo hazikuwekwa kujaza muda. Moja inamhusu Hilma af Klint, mchoraji wa Sweden aliyeamini anaongozwa na roho na aliyetaka kazi zake zisionyeshwe mpaka miaka 20 baada ya kifo chake. Nyingine inamhusu Victor Hugo, mwandishi wa Kifaransa. Binti yake Léopoldine alizama katika mto Seine mwaka 1843, akiwa na miaka 19. Miaka kumi baadaye, akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Jersey, Hugo alianza kukaa na jamaa na marafiki mezani usiku, wakihesabu vishindo vya mguu wa meza wakiamini marehemu anajibu. Maureen anatafuta wenzake katika kungoja, na waliobaki ni wafu wa zamani kwenye kioo cha simu.

Mtu wa Afrika Mashariki ataona pengo ambalo Mzungu huenda asilione. Hakuna matanga humu. Hakuna shangazi aliyekuja na mkeka, hakuna hitima wala wa kuhesabu arobaini, hakuna wa kumlazimisha Maureen ale. Msiba wake hauna siku ya kuanua, kwa hiyo anaubeba kazini, dukani na kwenye treni. Polepole hiyo inachosha, nakubali, ila uchovu wenyewe ni wa mtu aliyeachiwa msiba peke yake.

"Anayehisi marehemu yupo amechanganyikiwa"

Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha katika jarida la British Medical Journal utafiti juu ya wajane na wagane 293 wa Wales. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi, kusikia au kuona mwenza aliyefariki, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Wanaomtaka Maureen "apite hatua tano" za majonzi wakumbuke pia kwamba daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa wanaokaribia kufa. Ratiba ya wafiwa zilifanywa na watu baadaye.

"Maureen alifia hotelini, na Oman ni ahera"

Nadharia hii ni tamu, lakini filamu haiihitaji. Maureen anaenda Oman kwa sababu mpenzi wake anafanya kazi huko. Labda kwa Mzungu milima ile ni mwisho wa dunia. Msomaji mwenye mjomba Muscat hatashawishika kirahisi kwamba ameonyeshwa ahera.

Huko glasi inaelea hewani na kuvunjika, na maswali yake yanajibiwa kwa vishindo. Lugha hiyo ya vishindo ilishika kasi kwa akina dada wa familia ya Fox, waliodai kuzungumza na wafu, huko Hydesville, New York, mwaka 1848. Miaka 40 baadaye mmoja wao, Margaret, alikiri hadharani kwamba walikuwa wakitoa sauti hizo kwa viungo vya vidole vya miguu, na mwaka uliofuata akakana alichokiri. Maureen naye anapata majibu yanayopingana. Swali lake la mwisho ni kama ni yeye mwenyewe tu. Kinasikika kishindo kimoja, kisha skrini inakuwa nyeupe. Wanaodai kwamba hapo pamejibiwa, upande wowote, wameongeza yao.

Lawama ninayoikubali ni nyingine kabisa. Mauaji ya Kyra yamepachikwa. Ingo anaonekana mara chache mno kubeba uzito wa muuaji, na sababu yake inapita haraka. Assayas angeyaondoa, akabaki na simu, nguo za kuazima na nyumba ya Lewis, na zomeo la Cannes lingekosa hoja yake nzuri kuliko zote.