Je, wajua? Wakili hakulipwa hata senti, ila aliyeshindwa analipa gharama zake

Hesabu inaonekana nyepesi: wakili amekutetea bure, umeshinda, basi hakuna gharama za kumdai mpinzani. Hata mawakili hufunga faili kwa kuamini hivyo. Katika mahakama za madai za England na Wales, imani hiyo imepitwa na wakati tangu Oktoba 1, 2008.

Kosa lina asili yake. Kanuni moja, ambayo Kenya na Tanzania pia wanaijua, inasema gharama hufuata matokeo: aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Kanuni ya pili inaibana ya kwanza: hurudishiwi zaidi ya kile unachodaiwa na wakili wako. Chukua mtu aliyeigonga baiskeli yako. Ukimpelekea stakabadhi ya fundi ya shilingi 20,000, anakulipa 20,000. Lakini fundi akiwa rafiki yako, akanyoosha rimu bila kutaka kitu, stakabadhi ni sifuri na mgongaji anaondoka akipiga mluzi. Ukarimu wa fundi umeingia mfuko wa mtu ambaye hakukusudiwa hata kidogo. Mahakamani ilikuwa mbaya zaidi: mpinzani akishinda anakudai gharama zake, akishindwa hadaiwi kitu. Mtu wa namna hiyo ana haraka gani ya kusuluhisha?

Kifungu cha 194 cha Sheria ya Huduma za Kisheria ya 2007 kiliziba tundu hilo kwa njia ya ajabu kidogo. Jaji anajiuliza: huyu wakili angekuwa wa kulipwa, ningeamuru gharama? Kiasi gani? Kisha anaweza kuamuru fedha hizo ziende kwa taasisi ya hisani iliyoteuliwa, Access to Justice Foundation, inayotoa ruzuku kwa wanaotoa msaada wa kisheria bure. Kwa hiyo fundi hapati, mwenye baiskeli hapati. Wanapata mafundi wengine wanaotengeneza baiskeli za wasio na uwezo.

Amri hii hukwama zaidi kwenye makaratasi. Hati ya gharama, fomu N260 kwa mashauri mafupi, huandaliwa kana kwamba mteja analipa: nani alifanya nini, kwa muda wa saa ngapi, kwa kiwango gani cha malipo kwa saa. Kwa kawaida huwasilishwa mahakamani na kwa mpinzani angalau saa 24 kabla ya shauri kusikilizwa. Anayefanya kazi bure mara nyingi haandiki saa zake, na bila saa jaji hana cha kukadiria. Kosa la pili ni kuandika amri kwamba “mdaiwa amlipe mdai”. Hapo stakabadhi ya sifuri inarudi mezani. Mlipwaji atajwe kuwa ni taasisi, nayo ipelekewe nakala ndani ya siku 7 baada ya amri kupokewa.

Ikiwa wakili aliyeandaa faili alilipwa na aliyesimama mbele ya jaji alijitolea, gharama hugawanywa: za yule wa kwanza zinamrudia mteja, za wa pili zinakwenda kwa taasisi. Ada za mahakama alizotoa mteja mfukoni anazidai kama kawaida.

Kesi za jinai hazimo. Wala amri haitolewi dhidi ya mtu ambaye muda wote alitetewa bure au kwa msaada wa kisheria wa serikali. Mwaka 2022 mpango ulipanuliwa hadi kwenye mabaraza kadhaa, likiwemo la ajira, ingawa huko gharama huamuriwa kwa nadra, hasa pale upande mmoja ulipofanya mambo bila busara.

Kesi ikimalizwa kwa suluhu, malipo kwa taasisi yanaweza kuingizwa kwenye makubaliano yenyewe. Kipengele hicho cha makubaliano husahaulika kirahisi. Na mteja aelezwe siku ya kwanza kabisa: akishindwa, anaweza kuamriwa kulipa gharama za mpinzani. Bure ni ya wakili wake tu.