Palahala wako yuko kitalu gani? Kuchagua pori kabla ya kutoa kishika nafasi

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa 1 Julai na kufungwa 31 Machi, ila anayengoja Julai ndipo aulizie kitalu, yaani eneo la uwindaji linalogawiwa kampuni, ameshachelewa. Kuanzia Januari simu zinazoingia ofisi za Dar zina swali lile lile: "Kitalu gani kizuri?" Swali hilo halina jibu. Kitalu kinachosifika kwa nyati kinaweza kisiwe na palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda, hata mmoja mwenye pembe za maana. Kwa hiyo mimi humgeuzia muulizaji: unataka mnyama gani, na ukimkosa huyo, safari itakuwa imepotea au hapana?

Nawaandikia mawakala na wawindaji wanaopanga safari ya swala na jamaa zake, si simba wala tembo. Mwananchi anayetafuta leseni ya mwenyeji ana njia yake nyingine, na maeneo yake si haya. Hilo nitaligusa siku nyingine.

Tuanze na ardhi. Palahala ni mnyama wa misitu ya miombo. Ukimtafuta nyika za Longido utamaliza siku zako ukitazama swala twiga. Yuko Selous, yuko Rungwa pamoja na Kizigo na Muhesi, yuko magharibi hadi Moyowosi. Wote ni palahala, ila pembe hazilingani: wa magharibi kwa kawaida hubeba pembe ndefu kuliko wa upande wa pwani. Mgeni anayetaka pembe za kuingia kitabu cha Rowland Ward, kitabu cha kumbukumbu za pembe kubwa, anahitaji angalau inchi 41 na 7/8, karibu sentimita 106. Huyo simpeleki Selous kwa sababu tu safari ya ndege kutoka Dar ni fupi.

Korongo, swala si ndege, naye ni wa miombo, lakini mtafute Rungwa na magharibi, usimtafute mashariki. Wapo wanaowachanganya hawa wawili hata kwenye karatasi za maombi, na kosa hilo lina gharama. Korongo ana masikio marefu yenye kishungi na pembe fupi nene, na kipimo chake cha kitabu ni inchi 27. Palahala dume aliyekomaa ni mweusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma kama jambia.

Kaskazini, Longido, Natron na Simanjiro, ndiko kwa swala twiga, choroa, tandala mdogo na swala granti. Swala pala wa huko pia hushinda wenzake wa kusini kwa urefu wa pembe. Nzohe, swala wa mafunjo, anataka kinamasi, na ukitaja kinamasi umetaja Moyowosi na Malagarasi. Puku, swala mwingine, ni wa Bonde la Kilombero, lakini idadi yake imeporomoka sana kwa sababu ya mashamba na mifugo, nami simshauri mtu kujenga safari nzima juu ya mnyama huyo. Kuro yuko karibu kila mahali penye maji. Wa mashariki ana duara jeupe makalioni, wa magharibi ana baka zima. Anayekusanya aina zote mbili itambidi apange mapori mawili.

Baada ya mnyama, ramani. Hapa ndipo vipeperushi vya zamani vinapodanganya bila kukusudia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na uwindaji humo ukaisha. Mwaka huo huo Burigi, Biharamulo na Kimisi ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Burigi-Chato, na sehemu ya Ugalla ikawa Hifadhi ya Mto Ugalla. Kigosi nayo ilifanywa hifadhi ya taifa kisha ikarudishwa kuwa pori la akiba. Picha nzuri ya palahala wa mwaka 2016 inaweza kuwa imepigwa mahali ambapo leo ukiingia na bunduki ni kosa la jinai. Mtu akinitajia "Selous", huuliza: upande gani wa mpaka mpya? Kama hana jina la kitalu na namba yake, mazungumzo yanasimama hapo hadi azipate. Vitalu hugawiwa kwa mnada wa kielektroniki, kwa hiyo kampuni uliyoizoea inaweza kuwa haina tena kitalu ulichokizoea.

Sasa jambo linaloamua zaidi kuliko yote, na ambalo halimo kwenye kipeperushi chochote: mgawo. Kila kitalu hupewa idadi ya wanyama wa kila aina kwa msimu, na kila anayepigwa hupunguza hesabu hiyo. Chukua mfano wa kitalu chenye mgawo wa korongo wawili. Mgeni wa Julai akipata mmoja, wa Agosti akapata wa pili, wewe unayefika Oktoba umelipia kutazama nyayo. Usiulize "mna korongo?" Jibu litakuwa "ndiyo", na litakuwa kweli. Uliza hivi: mgawo wa korongo msimu huu ni wangapi, wangapi wameshaahidiwa wageni wengine, na tarehe zao zinatangulia zangu au zinafuata?

Kisha omba hesabu ya misimu mitatu iliyopita: mgawo ulikuwa wangapi, waliopigwa wangapi. Mgawo mkubwa usiofikiwa mwaka baada ya mwaka una maana mbili, na zote mbili zinakuhusu. Ama wanyama hawapo kwa wingi ulioandikwa, ama wageni wa kitalu hicho huenda kwa ajili ya nyati na hawajali palahala. Maana ya pili ni habari njema kwako, kwa sababu madume wamepata muda wa kuzeeka. Kutofautisha hizo mbili, ongea na mwindaji bingwa atakayekuongoza, si na mtu wa mauzo. Muulize madume aliyowaona wakaachwa kwa sababu walikuwa wadogo. Asiyekumbuka hata mmoja, ama hakai sana porini ama hupiga wa kwanza anayemwona.

Picha zipokee kwa jicho kali. Pembe zikisogezwa mbele ya mtu aliyechuchumaa hatua mbili nyuma, inchi 38 huonekana 44. Omba kipimo kilichochukuliwa kwa tepu kwa kufuata upinde wa mbele, kutoka kitako hadi ncha, na tarehe. Kwa tandala mkubwa tazama mizunguko: dume mzee hukaribia miwili na nusu na ncha zimegeukia nje. Kwa pofu urefu peke yake haukwambii kitu. Mzee ana pembe zilizolika, shingo ya kijivu iliyojaa, na manyoya mazito kwenye paji la uso.

Wakati nao huchagua kitalu. Julai nyasi za miombo bado ziko juu na palahala anaweza kuwa hatua hamsini usimwone. Moto ukishapita na majani mabichi kuchipua, yeye na korongo hufuata machipukizi hayo, na kuanzia Agosti hadi Septemba kazi huwa nyepesi. Oktoba maji yamebaki machache na joto ni kali, lakini wanyama hukusanyika. Novemba udongo mweusi wa mbuga ukishanyeshewa, gari la tani tatu linakuwa kambi bila mtu kupanga. Machi ni ya ndani ya sheria, ila kwa Moyowosi ni ya ndani ya matope. Kwa nzohe hakikisha kambi ina madungu, majukwaa ya kuvizia, kando ya mafunjo kabla hujafika, maana huyo hupatikana alfajiri na jioni, na dungu lililojengwa jana humfukuza.

Umbali kutoka Dar naupa uzito mdogo kuliko watu wengi, ila una hesabu zake. Kwa Selous ndege ndogo kutoka jengo la kwanza la uwanja wa Julius Nyerere hukamilisha kazi mapema. Moyowosi ni safari ya kukodi ndege kuvuka nchi, na bei yake huweza kulingana na ada za wanyama wawili watatu. Ndege hizo huwa na kikomo cha mzigo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu na mabegi laini, kwa hiyo sanduku gumu la bunduki litajwe mapema. Bunduki za kujipakia zenyewe ziache nyumbani. Namba zilizochongwa kwenye chuma zilingane na zilizo kwenye kibali, herufi kwa herufi: tofauti ya sifuri na O imeshawalaza watu Dar siku nzima huku ndege ya kukodi ikiwasubiri.

Hesabu ya fedha ifanyike kwa mnyama, si kwa siku tu. Uliza leseni ya siku ulizochagua inaruhusu aina gani, kwa sababu fungu fupi la siku halifungui wanyama wote, na wengi hugundua hilo wakiwa kambini. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa ameuawa, ada yake inalipwa, na mgawo unapungua. Kwa sababu hiyo kitalu chenye wafuatiliaji nyayo wazuri nakithamini kuliko chenye majokofu na vitanda vikubwa.

Kishika nafasi, yaani malipo ya awali, kitoke baada ya barua ya kampuni, si kabla. Barua itaje jina na namba ya kitalu, tarehe, aina za wanyama waliobaki kwenye mgawo kwa majina na idadi, jina la mwindaji bingwa, na kitakachofanyika mgawo ukifutwa au mpaka ukibadilishwa kabla hujasafiri. Kampuni ikikataa kuandika mstari huo wa mwisho, peleka maombi yako kitalu cha pili kwenye orodha yako.