Raksha Bandhan na dhana zake potofu: nani hasa anamlinda nani?

Agosti ikifika, ukiingia maduka ya Kisutu, Dar es Salaam, au Ngara, Nairobi, unaweza kumkuta mzee mzima amekaa kaunta, mkono wake wa kulia una uzi mwekundu wenye shanga na vimetameta vya kitoto. Uzi huo ni rakhi, na siku aliyofungwa ni Raksha Bandhan, sikukuu ya kaka na dada kwa Wahindu. Diwali tunaijua sote kwa sababu ya taa na fataki zake. Hii ya uzi hufanyika sebuleni, kwa hiyo walio nje wamebaki kubahatisha. Na kuna makosa ambayo hata Wahindu wenyewe wanayarudia, hasa waliofundishwa sikukuu yao na filamu.

“Dada ni dhaifu, kaka anaapa kumlinda”

Nianze na hili maana ndilo kubwa kuliko yote. Jina lenyewe ni “kifungo cha ulinzi”, na maelezo utakayopewa karibu kila mahali ni kwamba dada anamfunga kaka uzi ili kaka awe ngao yake. Si uongo mtupu; ahadi hiyo ipo, na akina kaka wengi wanaichukulia kwa uzito. Lakini acha maelezo, tazama kinachotendeka.

Dada ameamka, ameoga, na katika familia nyingi hajatia kitu kinywani mpaka shughuli iishe. Ameandaa sinia: rakhi, unga mwekundu wa kumkum, punje za mchele mzima usiovunjika, taa ndogo ya samli, na mithai, yaani vitamu vya Kihindi. Kaka anakaa, kichwa amekifunika kwa leso. Dada anachovya kidole kwenye kumkum, anamtia alama katikati ya paji la uso, anabandika punje za mchele juu yake. Anafunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Analizungusha sinia lenye taa mbele ya uso wa kaka, kisha anamlisha kipande cha mithai kwa mkono wake, na kaka naye anamlisha. Zawadi au bahasha ya fedha hutoka mwishoni.

Sasa hapo nani anaombewa? Kaka. Anayefunga saumu, anayewasha taa na kuomba mabaya yampite mwenzake ni dada. Kinga inatoka kwake, na bahasha ya kaka ni shukrani tu.

Masimulizi ya kale yanakwenda upande huohuo. Katika Bhavishya Purana, kitabu cha kale cha Wahindu, mungu Indra anakabiliwa na vita dhidi ya majitu, na anayemfunga uzi wa kinga mkononi ni mkewe, Sachi. Mke na mume. Kaka hayumo kabisa. Na katika ibada za zamani kuhani alimfunga mfalme uzi, akisema maneno ambayo makuhani wanayasema mpaka leo: kwa kile kilichomfunga Bali, mfalme wa majitu mwenye nguvu nyingi, nakufunga wewe, ewe kinga, usitetereke. Mwenye upanga ndiye aliyekuwa akifungwa uzi na asiye na upanga.

“Imekuwa ya kaka na dada tangu enzi na enzi”

Mapema miaka ya 1950, mwanaanthropolojia wa Marekani, McKim Marriott, aliishi katika kijiji kimoja cha Uttar Pradesh, jimbo la kaskazini mwa India, alichokipa jina la kificho la Kishan Garhi. Aliyoyakuta yanafumbua mengi. Siku ya mwezi mpevu wa Shravan, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu, ambayo ndiyo siku ya Raksha Bandhan, kulikuwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba. La kwanza, sikukuu ya kijiji iliyoitwa Saluno: mabinti walioolewa mbali walirudi kwao, wakawawekea kaka zao machipukizi ya shayiri kichwani na masikioni, nao wakapewa sarafu. La pili, makuhani walipita nyumba kwa nyumba wakiwafunga wafadhili wao nyuzi za kinga na kulipwa. Rakhi ya dukani, inayofungwa na dada, ilikuwa jambo jipya lililoyashika yote mawili: uzi wa kuhani ukahamia mikononi mwa dada. Na ulikuwa na faida moja ambayo shayiri haina. Unaingia kwenye bahasha ukatumwa kwa posta.

Ili kuelewa kwa nini bahasha ni muhimu, ujue desturi ya ndoa ya kaskazini mwa India. Kwa kawaida binti haolewi kijijini kwake. Anakwenda ukweni, pengine mwendo wa siku nzima, kwa watu ambao hakuwajua. Shravan ni mwezi wa mvua, na ndio mwezi wa kurudi kwao kwa muda: bembea hufungwa kwenye miti, na nyimbo za msimu huo zimejaa binti anayemwomba mama amtume kaka aje amchukue. Anaomba kaka kwa sababu baba atakufa siku moja, na baada ya hapo nyumba aliyozaliwa ni ya kaka. Asipokaribishwa na kaka, hana kwao. Mimi naona hapa ndipo moyo wa sikukuu ulipo. Uzi unaufanya mlango wa nyumbani ubaki wazi.

Ndiyo maana serikali ya Uttar Pradesh huwaruhusu wanawake kupanda mabasi ya umma bure siku hiyo, na Posta ya India huuza bahasha maalumu za rakhi zisizoingiza maji, kwa kuwa ni msimu wa mvua na barua ikilowa rangi ya uzi inachuja.

“Malkia alimtumia mfalme wa Kiislamu rakhi, akaja kumwokoa”

Hadithi hii ni tamu, na iko mpaka kwenye vitabu vya shule. Mwaka 1535 ngome ya Chittor, Rajasthan, ilizingirwa na Bahadur Shah, sultani wa Gujarat. Inasimuliwa kwamba Malkia Karnavati alimpelekea Humayun, mfalme wa Mughal, rakhi, naye akaacha shughuli zake akakimbilia kumwokoa dada yake wa uzi, ila akachelewa.

Ngome ilianguka kweli, Machi 1535. Humayun alipigana na Bahadur Shah kweli, lakini alikuwa na ugomvi wake mwenyewe naye, na hakumshambulia wakati Chittor ikizingirwa. Waandishi wa Kiajemi wa zama zile, waliokuwa wakiandika habari za mfalme huyo kwa mapana, hawataji uzi wowote. Aliyeisambaza hadithi ni James Tod, afisa wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, aliyeanza kuchapisha historia yake ya Rajasthan mwaka 1829, karibu miaka mia tatu baadaye. Ile ya mke wa Aleksanda Mkuu kumtumia mfalme Porus uzi ili amhurumie mumewe ina msingi mwembamba zaidi. Waandishi wa kale wa Kigiriki hawaijui.

Anayetaka mfano wa rakhi kuvuka mipaka ya dini hana haja ya kubuni. Tarehe 16 Oktoba 1905, siku Waingereza walipoigawa Bengali vipande viwili, mshairi Rabindranath Tagore aliwaita watu mitaani Calcutta, Wahindu na Waislamu, wafungane nyuzi mikononi kuonyesha kwamba hawagawanyiki. Oktoba, wala si Agosti, na wala hawakuwa kaka na dada. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1911.

“Lazima wawe wa tumbo moja”

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu hapa, kwa kuwa kwetu pia mtoto wa baba mdogo ni ndugu bila maelezo ya ziada. Binamu wote wanaingia. Asiye na kaka humfunga jirani au rafiki wa familia, na kuanzia siku hiyo huyo ni kaka kweli: ataitwa kwenye harusi, atalaumiwa asipofika msibani. Wazee wetu waliochanjiana udugu wangeielewa haraka. Kwa Wamarwari wa Rajasthan dada humfunga pia wifi yake, mke wa kaka, rakhi ya kuning'inia kwenye bangili iitwayo lumba. Busara tupu, kwa sababu mwenye ufunguo wa jiko la kaka ni wifi.

Wapo pia wanaofunga miti. Katika kijiji cha Piplantri, Rajasthan, hupandwa miti 111 kila anapozaliwa mtoto wa kike, na siku ya Raksha Bandhan wasichana huifunga miti hiyo rakhi.

“Ni Valentine ya Wahindi”

Kinyume chake kabisa. Msichana akimfunga mvulana rakhi amemwambia, bila kutukana, kwamba wao ni ndugu na habari nyingine zisahaulike. Shuleni India kuna mzaha wa miaka mingi kuhusu wavulana wanaotoroka darasani siku hiyo.

Na si ya “Wahindi” wote. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini. Bohora, Ithnaasheri, Ismailia na Wagoa Wakatoliki wa miji yetu ni Wahindi, lakini Raksha Bandhan si sikukuu ya dini yao. Wajaini na Wakalasinga wengi husherehekea.

“Tarehe inazunguka kama Idi”

Ni kweli inafuata mwezi, ila haizunguki mwaka mzima. Kalenda ya Kihindu hutazama mwezi na jua pamoja. Kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu hivi huongezwa mwezi mzima ili misimu isihame. Kwa hiyo mwezi mpevu wa Shravan huangukia Agosti karibu kila mara: 30 Agosti mwaka 2023, baada ya Shravan kuongezwa, 19 Agosti mwaka 2024, 9 Agosti mwaka 2025, 28 Agosti mwaka 2026. Siku yenyewe ina saa zinazokwepwa, kipindi kiitwacho Bhadra, ndiyo maana mwaka 2023 familia nyingi zilisubiri mpaka usiku, nyingine zikafunga asubuhi ya pili yake.

Wengine huichanganya na Bhai Dooj, inayokuja siku chache baada ya Diwali. Ile nayo ni ya kaka na dada, lakini kaka ndiye anayekwenda kula kwa dada, na kwa kawaida hakuna uzi.

“India yote inafanya hivyohivyo”

Hapana, na hapa watu wa pwani mtafurahi. Siku hiyohiyo, katika pwani ya Maharashtra, wavuvi wa Kikoli huiita Narali Purnima, mwezi mpevu wa nazi. Upepo wa kusi, unaoleta mvua kubwa upande ule, umeanza kupungua, na bahari iliyokuwa mbaya inaanza kuingilika. Wanapamba mashua, wanakwenda ufukweni kwa ngoma na nyimbo, wanaitupia bahari nazi wakiiomba itulie, na nyumbani wanapika wali wa nazi uliotiwa sukari guru na iliki. Kusini, Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, hubadilisha uzi mtakatifu wanaouvaa begani. Nepal vilevile, na huko kuhani humfunga kila anayekuja: wanaume mkono wa kulia, wanawake wa kushoto. Siku kubwa ya kaka na dada ya Nepal ni nyingine, wakati wa Tihar, Diwali ya huko.

“Rakhi ni hirizi, ikikatika ni nuksi”

Uzi wa kuhani uliosomewa ulikuwa na sura ya hirizi, siwezi kukataa. Wa dukani, wenye picha ya katuni kwa ajili ya mtoto, ni alama ya upendo. Wengine huuvaa mpaka Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa mungu Krishna, siku nane baadaye, wengine mpaka ukatike wenyewe. Kuutupa jalalani ndiko kunakochukiza. Hufungwa mtini au hutiwa mtoni.

“Dada anapata chake kwenye bahasha”

Hii husemwa kwa utani, lakini ndani yake mna jambo zito. Kwa karne nyingi hoja ilikuwa kwamba binti hana haja ya kurithi shamba: alipewa vitu alipoolewa, na kila mwaka kaka anampa zawadi. Sheria ya mirathi ya Wahindu ya mwaka 1956 ilimpa haki katika mali binafsi ya baba, lakini mali ya ukoo ilibaki ya wanaume kwa sehemu kubwa ya nchi mpaka marekebisho ya mwaka 2005. Tarehe 11 Agosti 2020, siku nane baada ya Raksha Bandhan ya mwaka ule, Mahakama ya Juu ya India iliamua katika kesi ya Vineeta Sharma kwamba haki ya binti ni ya kuzaliwa nayo sawasawa na ya kaka yake, hata kama baba alifariki kabla ya 2005.

Kwenye karatasi suala limekwisha. Vijijini halijaisha. Rajasthan kuna hati iitwayo haq tyag, ambayo dada hutia saini kuachia fungu lake kwa kaka, mara nyingi bila malipo yoyote. Hakuna anayemshikia fimbo. Anajua tu kwamba akidai shamba, huenda mwakani akafika na sinia lake akakuta hakuna wa kumfungulia, na wengi wakipiga hesabu hiyo wanatia saini.