Jeremiah Theus hakusubiri vichwa

Inasimuliwa Marekani kwamba wachoraji wa enzi ya ukoloni walichora miili isiyo na vichwa wakati wa baridi, kisha wakazunguka kubandika sura za wateja. Hakuna ushahidi wa desturi hiyo. Mtazame Jeremiah Theus, mhamiaji kutoka Uswisi. Mwaka 1740 alitangaza gazetini huko Charleston, mji wa South Carolina, kwamba anachora watu, mandhari, hata nembo za magari ya farasi. Ndiyo, magauni katika picha za zama zile hufanana mno. Sababu ni picha za chapa, yaani zilizochapishwa karatasini, kutoka Uingereza: wachoraji waliiga humo mikao, hariri na lulu, na wateja walipenda waonekane kama mabibi wa London. Isitoshe, picha zilizoachwa bila kumalizika mara nyingi zina uso uliokamilika; kilichobaki ni nguo.